Jino la Mbele la Mwamina

Ukifika Chinongwe ukaulizia nyumba ya Mwamina Abdalah, watu watakuuliza kwanza: "Mwamina wa vigelegele au Mwamina wa meno?" Usihangaike kuchagua. Ni mama huyo huyo mmoja.

Mimi ni mtu wa kupita tu. Nanoa mapanga na visu, leo niko Mkotokuyana, kesho Chunyu, na nikipita Chinongwe nalala kwa binamu yangu, ambaye nyumba yake na ya Mwamina zimetenganishwa na migomba. Kwa hiyo haya mengine nimeyaona, na mengine nimesimuliwa na waliokuwepo. Nimeona niyaandike, maana watu wa namna hii hupita duniani bila kuandikwa.

Nianze na sauti yake. Kwetu huku, wasichana wakishamaliza siku zao za ndani na kutolewa nje, lazima awepo mama wa kufungua njia kwa kigelegele. Si kila mwanamke anaweza. Cha Mwamina huanza chembamba kama uzi, kikapanda, kikatetemeka huko juu mpaka mtu anayepalilia shamba la mbali anasimamisha jembe, halafu kinakatika ghafla, na hapo wenzake ndipo wanapodaka. Watu hutoka Nachingwea kuja kumchukua. Akina mama wanasema kama Mwamina hajapiga, mwali bado yumo ndani.

Ni mjane. Ana mikorosho yake, ana kipande cha ufuta, ana watoto waliokwenda zao. Lakini heshima yake iko mdomoni.

Sasa hayo ya meno. Miaka ya nyuma magego yalimshika. Akafanya kama tunavyofanya wengi huku: akachukua ganda la korosho, akalipasha moto mpaka likatoa yale mafuta meusi, akachovya pamba humo, akaliwekea gego ili "kulifisha". Ndugu msomaji, hayo mafuta wabanguaji wa korosho hupaka majivu mikononi kwa kuyaogopa, maana yanachuna ngozi. Fizi ni kitu gani mbele yake? Maumivu yalikufa kweli, lakini shavu lilivimba, fizi ikaungua, na mwisho wake magego mawili yaling'olewa Ruangwa.

Daktari wa meno wa pale, mama mmoja mpole, alimwambia, "Mama, umechoma nyumba ili umuue panya." Kisha akamweleza: jino halingojwi mpaka likuume. Njoo kila baada ya nusu mwaka, hata kama huumwi, tuyaangalie na kuyasafisha.

Wangapi tunaambiwa hivyo? Tunasema ndiyo daktari, tunatoka, tunasahau mlangoni. Mwamina hakusahau. Miezi haihesabu sana yule mama, lakini mazao anayajua. Akajiwekea hivi: ufuta ukishauzwa, anakwenda. Korosho ikishauzwa, anakwenda tena. Haijalishi mwaka umekuwa mzuri au mbaya. Na kila alfajiri na kila kabla ya kulala utamkuta nyuma ya nyumba na mswaki wake na kopo la maji, hana haraka, kama mtu anayesugua sufuria ya shughuli.

Walimcheka. Mdogo wake, Tunu, ndiye aliyezidi.

"Dada, huumwi, unakwenda kufanya nini? Kumsalimia daktari?"

"Ndiyo. Namsalimia wakati bado nina meno ya kumchekea. Wewe utakwenda kumlilia."

Na mtani wake, Saturnini, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, alikuwa akimwambia mbele za watu, "Mama wewe ukifa tutakuzika na mswaki."

"Na wewe tutakuzika na hiyo helmeti, maana ukiwa hai hujawahi kuivaa."

Basi, mwaka huu korosho iliposhauzwa akaenda kama kawaida yake. Lilikuwa linamsisimua kidogo jino moja la mbele, la juu, akinywa maji ya baridi. Daktari akaangalia kwa kile kioo chake kidogo. Halafu akamwambia jino limetoboka kwa nyuma, mahali ambapo mtu hajioni, na uozo umeshafika ndani kwenye mzizi.

Mwamina aliogopa. Alikuwa amemwona marehemu Bi Sofia, fundi wa vigelegele aliyemtangulia, alivyong'olewa meno ya mbele. Kigelegele cha Bi Sofia baada ya hapo kilikuwa upepo mtupu, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Watoto walicheka, na Bi Sofia hakupiga tena mpaka alipoingia kaburini.

"Utaling'oa?" akauliza.

"Linaweza kuokolewa," daktari akasema. "Tutasafisha mzizi ndani, tuweke dawa, tuzibe kwa muda. Halafu urudi nimalizie. Ila usikie vizuri: maumivu yataisha leo, kazi itakuwa haijaisha. Wengi hapo ndipo wanaponipotea. Wanarudi jino limeshaoza mpaka chini, na hapo sina la kufanya ila koleo. Na usilitumie kung'ata kitu kigumu."

Maumivu yakaisha kweli. Siku za kurudi zikaangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, na mvua ndiyo zimekolea, njia ni tope tupu. Kila mtu akamwambia ngoja Idi ipite. Hata binamu yangu, ambaye ni mtu wa busara, alisema, "Jino haliumi, mwezi ni mtukufu, njia ni mbaya. Mungu akupe nini tena ndiyo ujue anakwambia ukae?"

Mwamina hakubishana. Alikwenda kwa Mwalimu Rahimu wa madrasa, maana yeye hataki kufanya kitu cha dini kwa kukisia. Mimi nilikuwa barazani pale nikinoa kisu cha mwalimu.

"Mwalimu, sindano ya ganzi inafunguza saumu?"

"Sindano si chakula. Haifunguzi."

"Na maji ya daktari yakiingia mdomoni?"

"Yateme."

"Yakinipita kooni kwa bahati mbaya?"

Mwalimu akacheka. "Basi kama roho haitatulia, utailipa siku moja baada ya Idi. Siku inalipika, mama. Jino ukilipoteza utalilipa na nini?"

Akaondoka amesharidhika. Akapanga kwenda Jumatatu.

Lakini Jumamosi ya kabla yake walifuturu kwa Tunu. Kulikuwa na uji, mihogo, magimbi, na sahani ya korosho zilizookwa na kubanguliwa palepale uani. Sasa sisi watu wa korosho tuna tabia moja: korosho haiendi kwenye sahani ya mgeni mpaka mtu wa nyumba aipasue moja kwa meno ya mbele, atazame ndani kama imeiva. Hatufikirii, mkono unakwenda wenyewe. Tunu akamnyooshea dada yake, "Hebu nionee, hizi ziko sawa?" Mwamina akang'ata.

Kah!

Alitema kwenye kiganja. Nusu korosho, na kile kipande cheupe cha dawa aliyozibiwa.

Kesho yake jino likaanza. Halikuja kwa kusisimka tena, lilikuja kwa kugonga, kama mtu anayepigilia msumari. Tunu, kwa huruma yake, na kwa kujilaumu pia, akaja na kifuu chenye yale mafuta meusi na kijiti kilichofungwa pamba.

"Dada, tone moja tu. Ndani ya tundu, halitagusa fizi. Nitaweka mimi mwenyewe, mkono wangu hautetemeki."

Mwamina alikuwa amekaa chini, kanga ameikunja ameibana shavuni. Machozi yanamtoka. Binamu yangu na mimi tulikuwa upande wa pili wa migomba, tukaona aibu hata kukohoa. Alikitazama kile kifuu muda mrefu. Mtu asikwambie kwamba ushujaa ni wa vitani tu. Kuumwa hivyo, na dawa ya kunyamazisha iko mbele yako, mkononi mwa mtu anayekupenda.

"Tunu mdogo wangu," akasema, "hiyo italinyamazisha jino, halafu itaninyamazisha na mimi. Kamwage. Kamwage mbali, kuku wasiguse."

Tunu akalia. Lakini akaenda kumwaga.

Jumatatu alfajiri, kabla ya kufunga, akasukutua maji ya chumvi, akapanda pikipiki ya Saturnini. Haya yaliyofuata ni Saturnini aliyenisimulia, na yeye ana mdomo mwingi lakini si mwongo.

Walikokota pikipiki kwenye tope zaidi ya walivyoipanda. Kufika Ruangwa, daktari hayupo, amefiwa, amesafiri kwao. Muuguzi akamwambia kwa upole, "Mama, rudi wiki ijayo. Au kama unaweza, Nachingwea yupo daktari anayefanya kazi hii, anaitwa Jenifa. Nitampigia."

Mvua ikaanza tena. Saturnini akatazama mbingu, akatazama tairi.

"Mama, turudi. Wiki moja si kitu."

"Mtani, tundu liko wazi. Wiki moja linaingia uchafu wa kila aina, na daktari mwenyewe aliniambia ikifika hapo ni koleo. Wewe kama umechoka, niache hapa, nitatafuta gari."

"Mimi nichoke? Tatizo lako wewe mama unanijua vibaya." Akapiga kiki.

Nachingwea walifika wameloa mpaka ndani. Daktari Jenifa, binti mdogo tu kwa umri, akamkalisha kwenye kiti. Alipoambiwa mama amefunga, akaweka kile kibomba cha kufyonza mate na hakukiondoa hata kidogo. Akaangalia kwenye tundu.

"Uliweka kitu humu?"

"Maji ya chumvi tu."

"Mafuta ya korosho?"

"Yaliletwa. Niliyakataa."

Daktari akainua uso akamtazama. "Huku wanaokataa ni wachache, mama. Ungeweka, mizizi ingeungua na mimi ningeling'oa. Hili naliokoa leo."

Akafanya kazi yake. Akasafisha, akajaza, akaziba kwa zege lile gumu la kudumu, akalisugua likalingana na mwenzake. Akampa kioo. Mwamina alijitazama weee, akageuza uso huku, akageuza huku.

Halafu akafanya jambo ambalo Saturnini, aliyekuwa kwenye benchi la nje, alisema lilimtia baridi. Alijaribu kupiga kigelegele. Humo humo kwenye kiti. Kikatoka hewa. Akajaribu tena, ffff, kama Bi Sofia. Mama wa watu akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kimekwenda," akasema. "Daktari, kimekwenda!"

Daktari Jenifa kwanza hakuelewa, alipoelewa akacheka mpaka akashika meza. "Mama, ni ganzi! Mdomo wa juu umelala. Ngoja uamke."

Akasema sawa, lakini hakuamini. Walingoja mvua ikatike, saa mbili tatu zikapita, na walipoondoka alikaa nyuma ya pikipiki, Saturnini akimtania hajibu, na hiyo peke yake ilitosha kumtisha mtani wake. Kila baada ya kitambo alikuwa akijigusa mdomo kwa kidole, kama anayepima chuma cha moto.

Walikuwa hawajafika mbali na mji, kwenye mashamba ambako akina mama walikuwa wakipalilia ufuta, Saturnini aliposikia mgongoni kwake kitu kimeanza. Chembamba. Kikapanda. Akakaribia kuingia mtaroni. Kikatetemeka juu kule kinakotetemekaga, kikakaa, kikakaa, kikakatika ghafla kama kilivyo siku zote.

Na shambani wakadaka. Mwanamke wa kwetu akisikia kigelegele haulizi kwanza, anaitika, sababu ataijua baadaye. Majembe yakaanguka.

"Nani kajifungua?" mmoja akapaza sauti.

"Hajajifungua mtu!" Mwamina akajibu. "Jino langu limepona!"

Wakacheka hao, wakacheka mpaka wengine wakakaa kwenye matuta. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, Safina jina lake, amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Akasogea barabarani.

"Dada, wamekuponyaje? Langu mimi huu mwezi wa ngapi sijui."

Mwamina akashuka. Akamwambia apanue mdomo, akamgeuzia kwenye mwanga, akachungulia kama alivyochunguliwa yeye miaka yote hiyo.

"Umeweka mafuta ya korosho?"

"Bado. Yapo nyumbani, nilikuwa niweke jioni."

"Usiweke. Funga kanga vizuri, twende."

"Sasa hivi? Na tope hili nililonalo?"

"Daktari anaangalia mdomo, haangalii miguu."

Saturnini akaanza kusema kwamba mafuta ni kidogo, kwamba polisi wakiona watu watatu kwenye pikipiki moja watamkamata, kwamba futari itawakuta njiani. Hakuna aliyemsikiliza. Mwamina alikuwa ameshapanda nyuma yake, na Safina nyuma ya Mwamina. Basi akageuza pikipiki, wakaelekea tena Nachingwea.