Majibu ya Sabiha

Darasa zima la kidato cha pili, pale shuleni kwao Makorora, lilimwita Tahiri "Profesa". Mwalimu Anastazia akiuliza swali la fizikia, mkono wa Tahiri ndio hutangulia. Wasilolijua wengi ni kwamba majibu yale yalitoka kwa Sabiha, binti wa fundi cherehani wa Ngamiani, aliyekaa naye dawati moja. Sabiha hunong'ona, Tahiri husimama na kupewa sifa. Wala Sabiha hakuona kama ameonewa. Kusimama mbele ya wavulana wale kisha akosee, afadhali ardhi immeze.

Maabara nako vivyo hivyo. Wavulana waliunganisha nyaya, wasichana waliandika matokeo, eti kwa kuwa wana mwandiko mzuri.

Siku moja mwalimu akatangaza kuwa Tahiri ataiwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa, na anatafutiwa mwenzake. Walipotoka, Tahiri akamfuata Sabiha njiani.

"Mwenzangu, nitaumbuka. Kule nani ataninong'oneza? Jitokeze twende wote."

"Mimi? Mimi siwezi, Tahiri."

"Huwezi vipi, na majibu ni yako?"

Swali lile likamkaa rohoni. Mama yake alimwona kapoa, akasimamisha cherehani na kumhoji mpaka akasema.

"Sasa unaogopa kukosea tu, mwanangu? Mimi kanzu ngapi nimezikata vibaya hapa, na wateja bado wanakuja!"

Kesho yake Sabiha akabisha hodi ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unijaribu mimi."

Mwalimu Anastazia akampeleka maabara, akamwekea betri, nyaya, swichi na balbu. "Haya, iwashe."

Somo lote alikuwa nalo kichwani, ila mikono yake haikuwahi kushika waya. Akaunganisha, akabonyeza swichi. Kimya, giza. Machozi yakamlengalenga.

"Basi, mwalimu, nimeshindwa."

"Nani kasema? Balbu haijawaka, ndiyo hivyo tu. Tafuta kwa nini."

Sabiha akavuta pumzi, akafuatisha waya mmoja mmoja kwa kidole. Mmoja ulikuwa haujamenywa vizuri plastiki yake nchani, umeme ukakosa pa kupita. Akaumenya kwa wembe, akaunganisha upya. Balbu ikawaka! Akacheka kwa sauti, kisha akaona haya, akaziba mdomo kwa ushungi.

Mwalimu Anastazia akaliandika jina lake chini ya la Tahiri, na akatambua kuwa wasichana wake hawajawahi kushika nyaya. Wiki hiyo hiyo akapanga upya zamu za maabara: kila mwanafunzi aunganishe, na kila mmoja aandike.

Mkoani, Sabiha na Tahiri walishika nafasi ya nne. Sabiha alijibu maswali mawili barabara, la tatu akalikosea waziwazi mbele ya ukumbi mzima. Akaketi, akategea sikio swali lililofuata.

Wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu ulipofika, akachagua fizikia. Ruthi, msichana mwenzake darasani aliyekuwa amekwisha kata tamaa na somo hilo, akachagua pamoja naye. Hadi leo Sabiha akitaka kujibu, viganja humtoka jasho. Mkono anaunyoosha hivyo hivyo.