Kinyungu cha Kwanza cha Tekla

Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1954, upepo wa kiangazi uliingia bondeni karibu na Igowole, Mufindi, saa tatu asubuhi, usitulie hadi saa kumi na moja jioni. Kwa saa zote hizo nane Tekla hakuketi.

Alikuwa ameolewa mwezi wa Mei, na kwa desturi ya ukoo wa mumewe bado alipika katika jiko la mama mkwe wake, Damari. Angepata jiko lake baada ya kuvuna kinyungu chake cha kwanza, yaani shamba dogo la matuta linalolimwa bondeni wakati wa kiangazi, ardhi ingali na maji. Zama hizo mwanamke hakuwa na fahari kuishinda hiyo.

Ila alikwisha kukosea. Aliyafyeka matete yote ya ukingoni, maana tangu utotoni alisikia kwamba matete ni walevi wa maji. Sasa maharage yake yalikuwa yamelegea kama vitambaa, naye akazidi kuyamwagilia.

“Mwanangu,” Damari aliita kutoka tuta la jirani, “unalima maharage au mpunga?”

“Yana kiu, mama.”

“Kiu, na miguu imo topeni? Makubwa haya!”

Tekla aliinama kuficha machozi. Hapo ndipo alipoona kwamba maharage yaliyokuwa nyuma ya rundo la matete yaliyofyekwa yamesimama wima, ingawa hayakuonja hata kibuyu kimoja cha maji. Udongo ulikuwa uleule. Kilichokosekana pale ni upepo. Kila jani hujivika unyevu wake mwembamba. Upepo ukiupeperusha, jani hutoa mwingine, na mwingine tena, hata mizizi ishindwe kupandisha maji kwa kasi ile.

Akaweka kibuyu chini, akaanza kuyachomeka matete upande wa upepo, yamebanana kama ua.

“Umeyaua, sasa unayazika wima?” Damari alicheka. Lakini alivuka mfereji, akashika mzigo mmoja. “Yabane zaidi hapa. Upepo wa Mufindi hupita hata tundu la sindano.”

Matuta mawili ya pembeni yalikauka. Yaliyobaki yaliinua majani jua lilipotua.

Septemba iliyofuata, Tekla alikuwa na mafiga yake mwenyewe, na Damari ndiye aliyekuja kwake asubuhi kuomba kaa la moto.