Mto Uliovunja Zamu

Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba mto mkubwa ukikaribia bahari huchoka, hutua mchanga wake, kisha hujigawa mikono. Akataja Naili, akataja na Rufiji. Nikanyoosha kidole nikasema hata Umba wetu wa huku Moa una wake wawili. Darasa likacheka, mimi nikala viboko, ingawa sikusema uongo.

Marehemu babu alioa wawili. Ili wasigombee maji, alimpa bibi yangu shamba la mpunga kwenye mkono mmoja wa mto, akampa bibi mdogo la mkono wa pili. Zamu za nyumbani alizigawa mwenyewe; za mto akamwachia Mungu. Basi mwaka jana mchanga ukaziba mdomo wa mkono wetu, maji yote yakahamia kwa mke mwenza.

Miche ya bibi ilikuwa bado kitaluni, ncha zimeanza kugeuka manjano, na mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka. Tulizibua kwa majembe, kesho yake mchanga ukarudi. Bibi akakaa ukingoni, akasema mto nao ni mwanamume, umeangalia mashavu ya mke mdogo. Nikamshauri tukaombe nafasi ng'ambo, shambani kwa bibi mdogo. Alinitazama kama niliyemtukana. Tangu matanga ya babu wale wawili hawakusemezana.

Nikaenda peke yangu. Bibi mdogo alikuwa anapanda, maji yamemfika magotini. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yetu, nikaongeza na salamu ambazo sikutumwa.

"Kanisalimu? Yule?"

"Kwa sauti ndogo, bibi."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akainama akaendelea kupanda.

"Mwambie alete miche kabla haijafa. Kule juu ya shamba pako wazi, nguvu zangu hazijafika. Lakini ndege wakija kula mpunga, aje aamie mwenyewe, mimi si mtumwa wake."

Bibi alipopata habari akasema hawezi kula fadhila za mtu. Alikuwa anasema hivyo huku anaing'oa miche na kuifunga mafungu.

Walipanda wamepeana migongo. Mpunga ulipotia maziwa, kibanda cha kuamia ndege kilikuwa kimoja tu, ikabidi wakae humo wote wawili, kila mmoja na kombeo lake. Nilipowapelekea uji niliwakuta wakibishana ni nani aliyekuwa akimpikia marehemu wali mbichi, na sauti zikifika mpaka barabarani. Makombeo yalikuwa chini. Ndege walikuja, wakazunguka juu ya shamba, wakaenda kwa jirani.