Nusu Yangu Ilibaki Jikoni

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia wenzangu wa kijijini wataitia chumvi, na haihitaji. Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamishiwa kijijini huku Kibondo, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara (ukipiga chafya jirani anajibu), na mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Shule yangu ni darasa la nne, lakini nilikuwa na koti, na mtu mwenye koti asiyesema sana watu humdhania mambo makubwa.

Mke wangu Anjelina alikuwa amefariki, akaniachia binti yetu Yulita, mtoto ambaye hajang'oa jino hata moja. Watu walinisifu kwamba balozi ni mwanamume kweli, hakutoa chozi mazikoni, na ni kweli sikutoa. Wasichojua ni kwamba Yulita alikataa chakula cha majirani wote, akawa anakonda, mpaka siku niliyojifungia jikoni nikampikia sombe, yaani kisamvu, kama alivyopika mama yake, akala akalamba sahani. Tangu hapo nilipika kila siku, mlango nimefunga, kitenge cha Anjelina kiunoni. Kwetu wakati ule mwanamume kushika mwiko ilikuwa habari ya kuchekwa kilabuni. Walipouliza nani anatupikia nilinyamaza tu, wakaamini walichotaka.

Basi mama mkwe akatuma salamu kutoka Kasulu: anakuja kumwona mjukuu wake, na kama hakuna mwanamke wa kumpikia, anaondoka naye. Nikajibu kwamba yupo. Neno hilo moja ndilo lililonipeleka ukutani.

Nikamwomba jirani yangu Mama Skola awe huyo mwanamke kwa mchana mmoja.

"Basi nije nipike, balozi," akasema.

"Yulita hatakula. Nitapika mimi, wewe utabeba tu."

Akaniangalia. "Kumbe ule moshi wa alfajiri ni wewe. Mimi nilidhani umeoa kwa siri."

Mama mkwe alipofika nilimsalimia kwa mbali, vifungo vyote vya koti nimefunga, uso nimeuelekeza pembeni, kwa maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani ovyo wala hawali wakionana. Siku hiyo adabu hiyo ilinifaa sana. Nikaaga kwamba nina kazi za ubalozi, nikazunguka nyumba, nikaingia jikoni, nikafunga kitenge juu ya suruali (koti sikulivua, kwa haraka) na kuanza kusonga ugali. Sombe ilikuwa tayari, Mama Skola akatangulia nayo kumwonjesha mgeni.

Nikamsikia mama mkwe akiuliza, "Mwanangu, sombe hii umeitia nini?"

"Karanga, mama."

Hakukuwa na karanga hata punje moja. Anjelina alikuwa akiponda nyanya chungu, anaziweka mwishoni pamoja na mawese, nami nilifanya hivyo hivyo.

"Hebu nionyeshe jiko lako."

"Jiko, mama? Jikoni ni kuchafu, mama," Mama Skola akapaza sauti ili nisikie.

Jiko lilikuwa na mlango mmoja, na ukuta wa nyuma ulikuwa wa fito na nyasi. Nikauvamia kwa kichwa. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikanasa, maana kitenge kilishikwa na fito. Na pale nje, njiani, wanaume wa nyumba zangu kumi walikuwa wanarudi kutoka shamba la kijiji, majembe begani.

"Balozi," akasema Gervas, mwenye maneno kuliko wote, "habari za humo?"

"Nzuri. Nakagua ukuta."

"Unauonaje?"

"Unahitaji matengenezo."

Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa, Yulita akaingia na bibi yake. Nilijua mama mkwe anatazama kitenge, kwa sababu alikinunua yeye mwenyewe, binti yake alipoolewa. Kwa adabu yetu hakunisemesha mimi, alimsemesha mtoto.

"Yulita, muulize baba yako, kupika hivi amefundishwa na nani."

"Baba, umefundishwa na nani?"

Gervas na wenzake walikuwa wamesimama, wametega masikio. Nilifikiria kudanganya tena, nikaona sina hata mahali pa kugeukia.

"Na mama yako," nikasema, kwa sauti ya kusikika pande zote mbili. "Nilikuwa nakaa mlangoni namwangalia akipika. Sikujua kama nilikuwa najifunza."

Machozi yakanitoka. Nikataka kusingizia moshi, lakini moshi wote ulikuwa nyuma yangu.

Mama mkwe akakohoa. "Mwambie baba yako, wewe unabaki hapa. Na mwambie atoke ukutani, ugali unaungua."

Wanaume wakanivuta, ukuta ukaja nami. Kilabuni walinicheka mpaka mavuno, wakaniita Mama Yulita, na wako wanaoniita hivyo hadi leo. Lakini siku chache baadaye Gervas, ambaye mkewe alikuwa mgonjwa, alikuja kwangu akitazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ndogo sombe huchemshwa mpaka iweje. Nikamvutia kigoda.

Pale ukuta ulipobomoka sikuziba, niliweka mlango wa pili, unaotazama njiani. Na mtu akiuliza nani anapika humu, nimeapa kumjibu ni mimi kabla hajamaliza swali.