Bunduki Haishikwi Siku ya Msiba

Wateja wakikatika, Klementina wa steshenari ya Somanda huvaa hedifoni na kuwa mganga. Si wa mizizi. Ni mganga wa mchezo wa kompyuta ambamo merikebu za anga huvutwa na majoka, na watu hupigana kwa uchawi na bunduki za mwanga. Kazi yake ni kukimbia nyuma ya wenzake wanne na kumwinua kwa fimbo kila anayeanguka. Ana miaka thelathini na tisa. Tangu ahamie mjini kutoka kijijini Nkoma, siku nzima huweza kupita bila mtu kumwita kwa jina, isipokuwa hao wanne, ambao hajawahi kuwaona.

Ijumaa mchana ujumbe uliingia kwenye grupu lao. Khatibu, mbeba ngao, amefariki. Aliyeandika ni mdogo wake, akisema wameshamzika.

"Innalillahi," aliandika Nuruddin, kapteni, aliyeko Dodoma. Kisha: "Kesho saa nne asubuhi ni fainali. Tucheze kwa heshima yake. Nimeshapata wa kushika ngao."

Klementina aliandika kwamba kwao, kukiwa na msiba, jembe halishikwi kijiji kizima, hata pamba ikimezwa na majani.

"Dada, huku hakuna mtu analima," alijibu Nuruddin, na vikaragosi vya kucheka.

Hakubishana. Kama jembe linalowalisha watu huwekwa chini, sembuse bunduki ya kuchezea? Alijiambia kwamba wakimwona amekaa, nao watakaa.

Jumamosi, mechi ilipoanza, alimketisha mganga wake mbele ya lango, fimbo magotini. Wenzake wakampita mbio.

"Klementina! Imrani kaanguka, muinue!"

"Nimekaa msibani, Nuru."

"Msiba gani humu? Inuka, tunachinjwa!"

"Kaeni na nyie kidogo tu."

"Huyu mama kalogwa," alisema Imrani kutoka chini alikolala, na mtu mmoja akacheka. Joka la adui likapita juu yao likitema moto. Dakika sita, mchezo ukaisha, wameshindwa. Kabla hajavua hedifoni, jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye timu na kwenye grupu.

Alikuwa bado anakitazama kioo pale mzee Ngeleja, mkulima, alipoingia na karatasi za shamba.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma. "Nitolee kopi mbili."

"Leo sifanyi kazi, baba. Nina msiba."

Mzee alivua kofia, akaketi kwenye benchi kama inavyotakiwa. "Pole sana. Ni nani?"

"Rafiki."

"Mwana wa nani?"

Klementina alikijua kikohozi cha Khatibu. Aliijua adhana iliyosikika nyuma yake kila alasiri, naye akisema, "Nisubirini, narudi." Jina la baba yake hakulijua.

"Mwenyeji wa wapi, basi?"

"Sijui, baba."

Ngeleja alimtazama bila ubaya. Akakusanya karatasi zake.

"Pole," alisema tena, taratibu, kama mtu asiyejua pole hiyo aipeleke wapi, akatoka.

Kwenye duka la jirani, mashine ya fotokopi ikaanza kunguruma. Klementina alibaki amekaa, mikono mapajani, akiwa mwombolezaji pekee.