Mweupe Asiyekula Nyasi

Mume wangu Machibya alikuwa mpima pamba. Miaka ishirini na mbili alisimama kwenye mizani ya chama cha msingi hapa Bariadi, na msimu ukiisha alibaki na shamba letu dogo na fumbo la gazeti la Jumapili. Gazeti alilikuta barazani kwa Tajudin, muuza vipuri vya baiskeli. Tajudin alilinunua, Machibya akalijaza.

Mimi niliishia darasa la nne, sikujaza chochote. Nilipita na beseni la mchicha, nikasimama kidogo kusikiliza. Siku moja dokezo lilikuwa hili: Naingia kiwandani na watoto, natoka bila hata mmoja. Miraba mitano.

"Mjane!" akasema Tajudin. "Hesabuni, herufi tano."

"Na watoto wake kiwandani wameliwa na nani, wewe?" mmoja wa barazani akamuuliza.

Watu wakacheka. Machibya akaeleza taratibu, kama kawaida yake.

"Kila neno kwenye dokezo limeajiriwa. Ukiliacha moja limekaa bila kazi, jibu lako si jibu. Wewe umewapa kazi watoto, kiwanda umekiacha kinapiga miayo. Nani anaingia jineri na watoto akatoka bila? Pamba. Watoto ni mbegu, jineri inaichambua inazitoa."

"Lo! Na mimi naishi Bariadi miaka thelathini!"

"Sahihi," Machibya akasema, akaandika. Hilo neno alilisema kila jibu lilipokubali, hata akiwa peke yake.

Mwezi wa pili mwaka huu alipata kiharusi. Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani anatembea kwa kushikwa, na maneno yakaanza kumrudia. Ila majina ya vitu hayakurudi. Akitaka chumvi alisema, "Ile nyeupe, inakaa kwenye mboga, haionekani." Akitaka redio alisema, "Mtu wa ndani ya boksi, haombi maji." Mwanzoni nilicheka, naye akacheka kwa nusu ya mdomo. Baadaye nikaacha kucheka, maana mchana kutwa nilikuwa nakimbia nikileta vitu visivyo. Ningekuwa nimesoma kidogo, nilifikiri, ningekuwa namwelewa mume wangu. Violeth, binti yetu, ndiye angeweza, lakini yuko shule ya bweni.

Daktari alikuwa ametupa kadi ya kurudi Jumanne. Akasema pia: mkono wa kulia ukizidi kuwa mzito, asisubiri siku hiyo, aletwe mara moja. Jumatano ya wiki iliyotangulia kikombe kilimdondoka. Alhamisi kijiko. Nikampigia simu kaka yake, Mboje, aje kutoka Ipililo, kwa sababu kwao mgonjwa hahamishwi bila neno la mkubwa wa ukoo.

Mboje alifika jioni.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama kama kawaida yao.

"Mwadila, shemeji."

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa mkekani na mdogo wake, akamshika goti. Machibya akamtazama sana, akasema, neno moja moja, "Mweupe. Miguu minne. Hali nyasi. Namtaka."

Mboje akasimama. "Umesikia, mayu? Huyu si Machibya anayesema. Ni baba."

Kwao wazee waliokufa wakitaka mnyama hutaja rangi yake, na mara nyingi hupitia kwa mgonjwa. Nililijua hilo tangu nilipoolewa.

"Lakini kasema hali nyasi, shemeji."

"Mbuzi ukimpa majani ya mti na nyasi, anakimbilia wapi?"

"Na mkono wake? Daktari alisema..."

"Tukimaliza hili, mkono utakuwa mwepesi wenyewe."

Ijumaa akamleta mbuzi mweupe kutoka zizi lake mwenyewe, mbuzi mzuri, asiye na doa. Alimfunga mbele ya mlango ili Machibya amwone. Machibya alimwona, akafumba macho, akapiga mkeka kwa mkono wa kushoto.

"Kumi na nne! Ana kumi na nne!"

Mboje akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. "Wajukuu wa baba. Ni kumi na wanne kamili. Anawataka wote." Simu zikapigwa hadi Nyalikungu na Migato. Wangefika Jumatatu. Machibya alijaribu tena kusema, na mimi nikaogopa, kwa sababu kila alichoongeza kilituongezea siku.

Jumamosi mchana nilifungua mfuko wa hospitali nitazame ile kadi, nihakikishe kweli ni Jumanne. Chini ya jina lake muuguzi alikuwa ameandika: Wodi ya wanaume, kitanda 14.

Nilikaa chini. Nikafanya kama alivyokuwa akiwafanyia wale wa barazani, neno moja moja. Mweupe: vitanda vya pale ni vya chuma, vimepakwa rangi nyeupe. Miguu minne. Hali nyasi: basi si mnyama, alikuwa anatuambia tusitafute mnyama. Ana kumi na nne: namba imeandikwa kwa rangi nyekundu upande wa miguuni, nilikuwa naitafuta kila nikipeleka uji. Hakuna neno lililobaki bila kazi.

Nikaenda mkekani. "Baba Violeth, ni kitanda? Unataka turudi hospitali?"

Alilia na kucheka kwa pamoja. "Sahihi," akasema.

Mboje alikuwa nje na mbuzi wake. Tajudin alikuwa amekuja kumjulia hali rafiki yake, gazeti kwapani. Nikawaeleza wote wawili, kadi mkononi.

"Mzee Mboje," akasema Tajudin, "mama kalijaza lote. Hakuna mraba mtupu."

"Sijakataa jibu." Mboje alisema polepole, akimkuna mbuzi shingoni. "Ni kitanda. Baba naye alilala kwenye kitanda cha hivyo. Tulimtoa amefunikwa shuka hadi usoni, na mimi ndiye niliyemshika miguu. Sasa mnataka nimshike na huyu?"

"Shemeji, lakini yeye mwenyewe ndiye anayeomba."

"Baba naye aliomba, mayu."

Nilikuwa nimedhani nikilijua jibu kazi imekwisha. Nilifikiria kuita bajaji nimpakie mwenyewe. Kumbeba kunataka watu wawili. Nilimtazama Tajudin, akatazama viatu vyake. Yeye si wa ukoo, na Mboje yupo. Nami niliwaza, akinifia njiani, nitamwambia nini Violeth, na Mboje atasema nini mbele ya watu? Nikarudi ndani. Hilo ndilo silali nalo vizuri.

Jumatatu wajukuu walifika, wote kumi na wanne, hata Violeth akaombewa ruhusa. Mbuzi alitolewa kafara, maombi yakasemwa vizuri. Machibya aliketishwa katikati, mdomo umepinda zaidi ya jana yake, na mimi nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia tu. Jumanne ya kadi ikapita. Jumatano asubuhi nilimsalimia, hakuniambia chochote, si jina, si dokezo. Siku nzima hivyo.

Alhamisi Mboje alikaa naye muda mrefu, akaunyanyua ule mkono, akauachia, ukaanguka. Akaunyanyua tena. Kisha akanitafuta jikoni. Sikuwahi kumwona amevua kofia.

"Mayu, ile namba ilikuwa ngapi vile?"

"Kumi na nne."

"Haya. Ita bajaji." Yeye ndiye aliyemshika miguu kumpakia.

Kitanda namba kumi na nne kina mtu, mzee wa Maswa aliyevunjika nyonga. Machibya wamemtandikia godoro sakafuni, pembeni yake. Daktari amesema tumechelewa, lakini watajaribu. Mboje anashinda nje kwenye benchi, haingii wodini.

Jana Tajudin alileta gazeti. Nikamsomea Machibya madokezo, nasoma polepole, herufi kwa herufi pale ninaposhindwa. Moja nililipata mwenyewe, nikamweleza neno kwa neno, kila moja na kazi yake, nikangoja aseme lile neno lake. Hakusema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mguu mweupe wa kitanda cha jirani, na muuguzi alipotaka kuutoa mkono huo afunge neti, nilimwomba auache.