Ndugu wa Ndugu Yangu

Bodaboda ilinishusha Nyasho, nami nilikuwa naenda Makoko. Kosa langu: nilimwelekeza dereva kwa Kijaluo, kumbe ni Mjita, akaitikia kwa adabu tu. Lugha saba ninazo, na zote hunipoteza.

Hyasinta, mwalimu wa kompyuta niliyekuja kuandika habari zake, alinikaribisha bila kuinua macho, nikamsimulia nilivyopotea na bodaboda. Siku hiyo baba yake mdogo alikuwa Butiama akisubiri jibu moja: Hyasinta na mchumba wake Wambura ni ndugu? Bibi zao waliitana dada. Wakiwa ndugu, hakuna ndoa.

Hyasinta alikuwa amewauliza wazee kuhusu ndugu zao, akayaingiza majibu kwenye lugha ya kompyuta ya kimantiki. Unaipa ukweli na kanuni, yenyewe inatafuta jibu. Kanuni yake: ndugu wa ndugu yangu ni ndugu yangu.

"Inaendeshwa kwa namna mbili," alisema. "Moja inashika swali, inarudi nyuma kutafuta ushahidi. Nyingine inaanza na yanayojulikana, inajenga mpaka hakuna jipya."

"Ya kwanza," nikasema, mtaalamu wa dakika mbili. "Mwenye akili huanza na swali."

Akaiendesha. Ili imjue ndugu, ikatafuta ndugu wa ndugu. Ili imjue huyo, ikatafuta ndugu wa ndugu mwingine. Haikurudi na jibu.

"Inazunguka kama wewe na bodaboda yako, kaka."

Ya pili ilimaliza upesi: Wambura ni ndugu. Muuza dagaa wa Iringo, ndugu. Padri kutoka Poland, ndugu.

Hyasinta alishika kichwa. "Niliwauliza wazee, 'Ndugu zako ni akina nani?' Huku nani si ndugu!" Akampigia bibi yake. "Bibi, yule ulikuwaga unamwita dada, mlizaliwa pamoja?"

"Kuzaliwa wapi? Tulikuwaga tunaimba kwaya Bunda. Sauti yake mbaya, huyo hawezi kuwa wa kwetu."

Aliwapigia na wazee wengine, akafuta udugu wa kwaya, wa soko na wa ujirani, akabakiza wa damu. Namna ya pili ikajibu: si ndugu. Nje, Wambura akapiga honi ya pikipiki.

"Tujaribu tena ya kwanza," nikang'ang'ania. "Sasa itajibu."

"Kanuni ni ileile, itazunguka tu." Akaiwasha hata hivyo, akajifunga kitenge. "Baki nayo, ndugu yangu. Ikijibu, nipigie."

Pikipiki ikashika njia ya Butiama. Nikavuta kiti karibu na kompyuta.